Uwanda Kama Kazi ya Sanaa: Nyasi Asilia Katika Usanifu wa Mandhari

Katika usanifu wa mandhari lipo tawi ambalo malighafi yake kuu ni nyasi asilia, zile zilizokuwapo mahali kabla ya jembe, kabla ya reli na kabla ya bustani za kupangwa. Msanifu huzichagua kwa umbo, kwa rangi na kwa namna zinavyoyumba upepo ukipita. Wakati huohuo huangalia kazi yake ardhini: zinashikaje udongo, zinalisha wadudu gani, zinaamkaje baada ya moto. Jicho na ikolojia hazipatani kila mara, na sehemu kubwa ya historia ya tawi hili ni majaribio ya kuzipatanisha.

Kazi za aina hii zinaweza kutengwa katika makundi matatu, ingawa mipaka yake huvuja. La kwanza ni urejeshaji: kuotesha upya uwanda uliopotea, spishi kwa spishi, kadiri inavyowezekana. La pili ni bustani zinazoiga uwanda bila kudai kuwa uwanda wenyewe. La tatu ni kazi za maonyesho, ambapo nyasi huletwa mbele ya watu kwa muda ili zionekane, kisha huondolewa. Kazi ya kundi moja haifai kupimwa kwa kipimo cha jingine, na wahakiki wengi hukosea hapo.

Mmea usio na mtetezi

Ukoo wa nyasi una spishi zaidi ya 11,000. Mahindi, mpunga, ngano, mtama, ulezi, muwa na mianzi vyote vimo humo. Zile zisizoingia jikoni huitwa majani tu, na mjini hukumu yake ni fyekeo. Sababu zinaeleweka: nyoka, mbu, vibaka wanaojificha. Ipo nyingine isiyosemwa sana, nayo ni kwamba kiwanja chenye majani ya kufika kiunoni huonekana kama mali isiyo na mwenyewe. Hata Marekani miji mingi ina sheria ndogo zinazoweka kikomo cha urefu wa nyasi mbele ya nyumba, na watu waliopanda nyasi asilia kwa makusudi wamejikuta wakipigwa faini sawa na waliotelekeza nyumba zao.

Msitu ukikatwa hubaki visiki vya kuushuhudia. Uwanda ukilimwa hubaki shamba la ngano, na wapitaji husifu maendeleo. Jimbo la Illinois lilijengewa jina lake la utani juu ya nyanda zake za nyasi ndefu, lakini eneo lililobaki katika hali ya zamani halifiki asilimia 0.1 ya lile la mwanzo. Udongo wake mweusi ulikuwa mzito, ukigandamana kwenye plau za chuma cha kalibu, mpaka fundi John Deere alipotengeneza plau yenye bapa laini la chuma cha pua kilichosuguliwa, mwaka 1837. Mambo yalikwenda haraka baada ya hapo.

Kilichokuwa kikikatwa na plau hiyo kilikuja kuonekana vizuri zaidi katika michoro ya John Weaver, mwanaikolojia wa Chuo Kikuu cha Nebraska katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Weaver alichimba mitaro kando ya mimea ya uwandani, akafukua mizizi taratibu na kuichora kwa vipimo. Nyasi iitwayo Andropogon gerardi, inayoweza kumzidi mtu mzima kimo, ina mizizi inayoshuka zaidi ya mita 2 ardhini. Michoro hiyo inaonyesha kitu ambacho bustani yoyote ya nyasi hukificha: sehemu kubwa ya mmea, na karibu kazi yake yote ya kuhifadhi kaboni na kunyonya maji ya mvua, iko chini ya miguu ya mtazamaji.

Kutoka Chicago hadi Madison

Jens Jensen alizaliwa Denmark mwaka 1860, akahamia Marekani mwaka 1884 na kuanza kama kibarua katika bustani za umma za Chicago. Maua ya kigeni aliyokuwa akipanda yalikuwa yakimfia. Mwaka 1888 akaenda nje ya mji, akachimba mimea ya porini na kuipanda katika kona ya Union Park, akaiita Bustani ya Kimarekani. Baadaye, katika Humboldt Park na Columbus Park, alitengeneza mito ya bandia inayopita taratibu kati ya mimea ya kienyeji, na uwanja mpana ulioachwa wazi kimakusudi ili jicho liende mbali kama liendavyo uwandani. Jensen hakuwa mwanaikolojia, na alichokuwa akikirejesha kilikuwa hasa hisia ya upana. Hata hivyo alithibitisha kwamba mmea wa jirani unaweza kuingia bustani ya jiji bila kuomba radhi.

Sayansi ilichukua nafasi yake Madison, katika jimbo la Wisconsin. Shamba la miti la chuo kikuu cha huko lilizinduliwa mwaka 1934, na tangu mwaka uliofuata vijana walioajiriwa na serikali katika kipindi cha mdororo wa uchumi walianza kuhamishia mabonge ya udongo yenye nyasi za uwandani kwenye shamba lililochoka. Miongoni mwa waliosimamia wazo hilo alikuwamo Aldo Leopold. Eneo hilo, lenye hekta 30 hivi, leo huitwa Curtis Prairie na huhesabiwa kuwa uwanda wa kwanza duniani kurejeshwa kwa makusudi.

Walipanda, wakapalilia, wakangoja. Nyasi laini za asili ya Ulaya, zile zile zinazotandazwa mbele ya nyumba, ziliendelea kuwashinda. Katika miaka ya 1940 John Curtis na Max Partch wakajaribu moto katika vipande vidogo, na matokeo yakawa wazi: penye moto nyasi asilia zilipata nguvu, na zile za Ulaya zilirudi nyuma. Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Nyasi za Ulaya huanza kuchipua mapema, wakati bado kuna baridi, kwa hiyo moto wa mwanzo wa majira ya kuchipua huzikuta zimeshatoa majani. Nyasi asilia za joto bado zimelala, uhai wake ukiwa salama chini ya udongo. Wenyeji wa Amerika walikuwa wakichoma nyanda kwa karne nyingi, na waliohamia wakawa wakiuzima moto huo kwa bidii. Maabara ilichukua miaka kugundua upya jambo ambalo lingeweza kuulizwa.

Fremu

Kama ingelazimu kutaja andiko moja tu la nadharia katika uwanja huu, ningetaja makala ya Joan Iverson Nassauer ya mwaka 1995. Nassauer aliwatazama watu wa Marekani ya kati wanavyohukumu mandhari, akakuta kwamba hawachukii pori lenyewe. Wanachokichukia ni dalili ya kutojali. Mfumo wa ikolojia wenye afya huonekana ovyo kwa jicho la jirani. Ukiuzungushia alama za kwamba yupo mtu anayeutunza, jirani huyohuyo huukubali. Alama hizo ni rahisi hata kuchekesha: ukanda wa nyasi uliofyekwa kwa usawa pembezoni, uzio mdogo uliopakwa rangi, njia iliyonyooka, kibao.

Hapa ndipo sanaa inapopata kazi ambayo ikolojia peke yake haiwezi kuifanya. Mtaalamu wa mimea anaweza kuthibitisha kwa takwimu kwamba uwanda una thamani, na halmashauri ikaufyeka wiki inayofuata kwa sababu wajumbe wameona vichaka. Mkono wa msanii huongeza mstari mmoja ulionyooka, na vichaka vinageuka bustani. Nadhani hili ndilo jambo zito kuliko yote katika somo hili, na linagusa miji yetu moja kwa moja: mtu wa Nairobi au Dodoma anayetaka kuacha nyasi za mahali ziote kando ya nyumba yake angeanza na ukanda wa nusu mita uliofyekwa vizuri kuzunguka eneo lake, kabla ya kuanza kumhubiria jirani habari za vipepeo.

Mfano maarufu wa nguvu ya jicho ni reli ya juu ya New York iitwayo High Line. Treni ya mwisho ilipita mwaka 1980, na juu ya kokoto mbegu zilizobebwa na upepo na ndege zikaota nyasi na maua bila kupandwa na mtu. Kwa wenye viwanja vilivyo chini yake, huo ulikuwa uchafu wa kubomolewa. Mpiga picha Joel Sternfeld alipewa ruhusa ya kupanda juu, akapiga picha katika majira yote kwa takriban mwaka mmoja, na picha zake zikawaonyesha watu wa jiji konde refu linalopita kati ya majengo. Hoja ya kubomoa ilidhoofika. Sehemu ya kwanza ya bustani ilifunguliwa mwaka 2009, nyingine zikafuata, na upandaji ulisanifiwa na Mholanzi Piet Oudolf.

Nyasi zilizopo leo pale juu si zile zilizopigwa picha. Zile ziling'olewa, reli ikakarabatiwa, udongo mpya ukaletwa, kisha zikapandwa nyingine zenye kukumbusha za kwanza. Oudolf ni bingwa wa kundi la pili katika yale matatu. Katika Lurie Garden ya Chicago, iliyofunguliwa mwaka 2004 juu ya paa la maegesho ya magari, alichanganya mimea ya uwandani ya Illinois na mingine ya mbali, akiipanga kwa muundo na kwa namna inavyonyauka. Mabua makavu huachwa yasimame msimu wote wa baridi, masuke yakilisha ndege, kisha hukatwa kabla ya machipukizi mapya. Wapo wanaomlaumu kwa kuchanganya. Lawama hiyo ingekuwa na uzito kama angedai kurejesha uwanda, lakini hakudai. Alichofanya ni kuwafundisha watu kupenda nyasi iliyokauka, na bila mapenzi hayo hakuna uwanda utakaovumiliwa katikati ya mji.

Nyasi moja, mabara mawili

Themeda triandra ni nyasi ya vishada, yenye masuke mekundu ya kahawia yanayoinama. Aliyevuka Serengeti, Maasai Mara au nyanda za Athi baada ya mvua ameiona hata kama hakuijua jina. Ndiyo inayoupa uwanda ile rangi ya kutu. Spishi hiyohiyo inapatikana Afrika Kusini, Asia na Australia. Kila mbegu ina unywele mrefu uliojisokota. Ukilowa hujisokotoa, ukikauka hujisokota tena, na kwa mzunguko huo mbegu hujichimbia yenyewe ardhini, mahali ambapo moto hautaifikia.

Huko Australia, magharibi mwa Melbourne, nyasi hii ilitawala uwanda mpana uliotandazwa juu ya miamba ya volkano. Watu wa jamii za Kulin waliuchoma kwa zamu, na katika nafasi kati ya vishada waliotesha na kuchimba kiazi kiitwacho murnong, chakula chao kikuu. Walowezi walifika mwaka 1835 na kondoo wao. Kondoo waliufumua murnong kwa pua na kwato, wakaula mpaka ukaisha, na baada ya miaka michache njaa ikawaingia wenyeji. Baadaye zikaja mbolea za fosfeti, plau, na hatimaye vitongoji vya jiji. Kilichobaki cha uwanda ule ni karibu asilimia 1. Mwaka 2008 serikali ya Australia iliuorodhesha kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Mabaki yalijificha mahali pa ajabu: makaburini, na kando ya reli. Makaburi yalizungushiwa uzio, kondoo hawakuingia. Kando ya reli wafanyakazi walichoma majani kila mwaka ili cheche za injini zisiwashe mashamba, na hivyo, bila mtu kupanga, wakaendeleza desturi ya moto ambayo taifa lao lilikuwa limeikomesha kila mahali pengine.

Katika jiji lenyewe, wasanifu Brian Stafford na Ron Jones walishinda mwaka 1984 shindano la mpango wa Royal Park kwa pendekezo lenye ujasiri wa kipekee: kilele cha kilima kiachwe kuwa duara la nyasi za asili chini ya anga, bila mnara wala sanamu. Miaka thelathini baadaye, mwaka 2014, msanii Linda Tegg akishirikiana na mtaalamu wa kilimo cha bustani John Delpratt alipanda maelfu ya mimea ya uwanda huo mbele ya Maktaba ya Jimbo la Victoria, katikati ya Melbourne, kwenye ngazi ambazo watu hukaa kula chakula cha mchana. Kwa wiki kadhaa uwanda ulirudi mahali ulipokuwa kabla ya mji.

Kazi hiyo ilizaa nyingine. Mwaka 2018 Tegg na wasanifu majengo Mauro Baracco na Louise Wright waliwakilisha Australia katika maonyesho ya usanifu ya Venice. Banda la Australia ni sanduku jeusi la mawe lililofunguliwa mwaka 2015. Humo na nje yake waliweka mimea 10,000 ya spishi 65 za uwanda wa magharibi mwa Victoria, wakaning'iniza taa za kuipa mwanga wa kuishi ndani. Kazi iliitwa Repair, na hoja yake iliwalenga wasanifu majengo: kila jengo limekalia ardhi iliyokuwa na kitu, na kitu hicho hakionekani kwenye mchoro.

Kuna kejeli ndani yake. Taa zilikula umeme kwa miezi sita ili kuweka hai nyasi ambayo kwao haihitaji chochote zaidi ya jua na kiberiti, na baada ya maonyesho hakuna hata mita moja ya mraba ya uwanda wa Victoria iliyoongezeka kwa sababu ya Venice peke yake. Lakini hata bajeti za kulinda asilimia 1 iliyobaki hupitishwa na watu, na watu wengi wa Melbourne walikuwa hawajui kwamba vile viwanja vitupu vyenye majani, wanavyopita wakienda uwanja wa ndege, ndivyo vyenyewe.

Moto, udongo na mbegu

Mwenye kutaka kuotesha uwanda hukutana na udongo kabla ya kukutana na mbegu. Ardhi iliyolimwa kwa miaka mingi ina rutuba kupita kiasi kwa nyasi asilia, na rutuba hiyo hunufaisha magugu. Njia iliyothibitika huko Victoria ni kukwangua sentimita 10 hivi za juu na kuzipeleka kwingine, pamoja na hazina ya mbegu za magugu iliyomo, kisha kupanda moja kwa moja kwenye udongo mkavu na dhaifu uliobaki. Mkulima yeyote angelia kuona.

Mbegu ya Themeda ni kero kwa mashine, maana nywele zake hushikana na kuziba mirija. Kwa hiyo watu hukata mabua yenye mbegu zilizokomaa na kuyatandaza juu ya ardhi kama matandazo. Mvua na jua huzisokota mbegu mpaka zijichimbie. Majira ya kuchipua yakifika, matandazo huchomwa, moto unaondoa kivuli, na miche hutoka kwenye majivu. Kazi yote hiyo hufanywa na mmea, hewa na kiberiti kimoja.

Ikishaota, haiachwi ilale. Tafiti za Victoria zimeonyesha kwamba Themeda ikipita muongo mmoja bila kuchomwa wala kuliwa hujisonga kwa majani yake yenyewe yaliyokufa, na vishada hufa kwa wingi. Bustani ya nyasi, basi, inahitaji bajeti ya moto au ya ng'ombe kama vile jengo linavyohitaji bajeti ya rangi. Kazi nyingi zimekufa hapa, baada ya utepe kukatwa na wapiga picha kuondoka.

Asilia ya wapi?

Nyasi za Afrika Mashariki zinapendwa duniani, na mapenzi hayo yameleta maafa. Cenchrus setaceus, yenye masuke ya manyoya laini, ilipelekwa bustanini sehemu nyingi kwa urembo wake; huko Hawaii ikawa mvamizi, na Umoja wa Ulaya uliiingiza mwaka 2017 katika orodha ya spishi zilizopigwa marufuku. Cenchrus ciliaris, malisho mazuri kabisa kwa mfugaji wa Kitui au Baringo, imeingia jangwa la Sonora huko Arizona na kuleta moto mahali ambapo mikaktasi haikuwahi kuujua. Nyasi iliyopewa jina la Wakikuyu, mwenyeji wa nyanda zetu za juu, inasumbua walinzi wa mazingira kutoka California hadi Australia yenyewe. Sifa ya uasilia haiko ndani ya mmea. Iko kati ya mmea na mahali, na msanifu anayenunua nyasi kwa kutazama picha ya katalogi ameshaanza vibaya.

Kwetu, mahali ambapo nyasi hizi ni wenyeji, kuna kazi ambayo haikuanzishwa kama sanaa ila ingestahili kutundikwa ukutani. Katika ranchi ya jamii ya Kuku, kusini mwa Kenya, na huko Pembamoto mkoani Dodoma, wanavijiji wamechimba kwa majembe maelfu ya makinga maji ya nusu duara, kila moja likiwa na urefu wa mita 5 hivi, juu ya ardhi iliyoparara na kuwa ngumu kama sakafu. Tuta hukaa upande wa chini wa mteremko. Mvua ikinyesha, maji yaliyokuwa yakikimbia na udongo husimama ndani ya nusu duara, na mbegu zilizopandwa au zilizolala hapo huota. Kutoka angani huonekana safu juu ya safu za hilali za kijani kwenye ardhi nyekundu. Mpango wake una mdundo wa kitenge, na kila mstari upo kwa sababu ya maji tu.

Huko Kuku na maeneo ya jirani ya Amboseli, vikundi vya wanawake wa Kimaasai huendesha mashamba ya mbegu za nyasi: hulinda eneo lililozungushiwa uzio, huvuna mbegu kwa mkono, na huziuza kwa wenye kurejesha malisho, pamoja na nyasi kavu wakati wa ukame. Zaidi ya hapo jamii imefufua utaratibu wa zamani wa olopololi, eneo la malisho linalofungwa msimu mzima kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu. Uamuzi mgumu katika olopololi ni tarehe ya kulifungua. Likifunguliwa mapema, nyasi huliwa kabla ya kudondosha mbegu; likifungwa miaka mingi mfululizo, vishada hujisonga kama vile vya Victoria. Kwa hiyo wazee hukaa, hutazama masuke, huhesabu mvua zilizonyesha, hubishana, kisha huwaambia vijana waingize ng'ombe.